Je, Mtoto Mkubwa Alazimishwe Kusoma?



Tangu shule zilipofunguliwa Septemba kuna swali moja linalozunguka kwenye meza ya chai baada ya ibada, na kila mzazi analiuliza kwa namna yake. Mwanangu ana miaka 14, shule ya msingi alikuwa hatoki kwenye vitabu, sasa hagusi hata kimoja, nimnyang'anye simu? Nimlipe? Jumapili moja baba mmoja alisema yeye amekwisha kuamua: pasipo kitabu hakuna mpira Jumamosi. Mama aliyekuwa akimmiminia chai akamwambia, "Kaka, ukifanya hivyo mtoto atakichukia kitabu mpaka uzeeni." Wote wawili ni watu wa busara na wote wanawapenda watoto wao. Mpaka tunamaliza kuosha vikombe tulikuwa bado hatujaelewana, ndiyo maana tumeona tuliandike.

Hii si shida ya Waswahili peke yao. Shirika la National Literacy Trust huwauliza watoto wa nchi hii kila mwaka kama wanafurahia kusoma wakati wa mapumziko yao. Mwaka 2025, kati ya watoto wa miaka 8 hadi 18, ni kama mmoja tu kati ya watatu aliyesema ndiyo, na hicho ni kiwango cha chini kuliko vyote katika miaka 20 ya kuuliza swali hilo. Serikali nayo ikautangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kitaifa wa Kusoma. Kwa hiyo majirani zetu Waingereza nao wanahangaika. Ila sisi tuna mambo mawili ambayo wengi wao hawana. Watoto wetu wanasoma kwa lugha ambayo sisi tunaifanyia kazi lakini hatuiotei ndoto. Na wengi wetu tuko zamu saa zilezile ambazo mtoto angekuwa na kitabu mkononi.

Kiswahili chenyewe kinatuchanganya kidogo hapa. Neno kusoma tunalitumia kwa kwenda shule na tunalitumia kwa kufungua kitabu. Ukimuuliza mtoto "unasoma wapi?" unataka jina la shule. Ukimwambia "nenda kasome" humaanishi hadithi, unamaanisha hesabu na sayansi. Ndiyo maana binti aliyejilaza na riwaya saa tatu usiku anaweza kuambiwa na mama yake aache mchezo akasome. Wazee wetu walikuwa na maana pana kuliko hii. Kule pwani kusoma kulikuwa kwa sauti na kwa pamoja: maulidi husomwa, hitima husomwa, na barua ikifika kwa asiyejua herufi hutafutwa mtu wa kuisoma na wengine wakasikiliza. Buganda nako Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa sababu kuijia imani na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Baadhi yao waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887. Hawakuwa wakijiandaa kwa mtihani wowote.

Sisi tuliosoma sekondari Tanzania miaka ya tisini tunakumbuka jinsi neno hili lilivyokwisha kufinywa. Kitabu kimoja cha fasihi kiligawanywa kwa dawati zima, na mara nyingi tulikutana na riwaya kwanza kwenye notisi za mwalimu: wahusika, dhamira, falsafa ya mwandishi, basi. Mtu aliweza kufaulu bila kusoma kitabu chenyewe kuanzia jalada hadi jalada. Lakini palepale chini ya dawati palikuwa na kusoma kwingine. Palikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, kurasa zimelegea kwa kupita mikono arobaini. Palikuwa na katuni za gazeti la Sani. Hakuna mwalimu aliyetuhimiza kusoma vile. Walivikamata na kuvifungia kabatini. Na ukiwauliza wenzetu wanaosoma hadi leo walianzia wapi, wengi watakutajia Willy Gamba kabla ya kitabu chochote cha mtihani.

Hilo halithibitishi kwamba watoto waachwe tu. Linaonyesha kwamba upendo wa kusoma haukuingia kwa amri, na hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu.

Sisi wauguzi tuna njia ya kulifikiria, kwa sababu kazini tunaishi na swali hili kila zamu. Mgonjwa mwenye akili timamu akisema "dawa hii siinywi," hainywi. Hatumbani pua. Hatumfichii kidonge kwenye uji. Jambo hilo linaruhusiwa tu kwa mgonjwa asiyeweza kujiamulia, na hata hapo ni baada ya wahusika kukaa na kuandika uamuzi. Tunachofanya ni kuketi kando ya kitanda na kuuliza kwa nini. Mara nyingi kuna sababu. Kidonge ni kikubwa, kinampa kichefuchefu, au aliona jirani yake alikinywa akafa, kwa hiyo kwake kidonge na kifo vimekuwa kitu kimoja. Tunaeleza, tunaondoka, tunarudi. Kurudi huko ni sehemu kubwa ya kazi kuliko wanavyodhani watu.

Na kwa vijana sheria ya hapa ni ya kufikirisha. Tangu mwaka 1969 kijana wa miaka 16 anahesabiwa kuwa anaweza kukubali matibabu mwenyewe. Mwaka 1985, katika kesi ya Gillick, mahakama ya juu ya wakati huo ikasema kwamba hata aliye chini ya miaka 16 anaweza kukubali kama ana uelewa wa kutosha wa jambo lenyewe. Wazazi wengi wa kwetu wakilisikia hili mara ya kwanza hushtuka, wakaona Wazungu wamewakabidhi watoto usukani. Lakini lisikilizeni vizuri. Sheria haikusema mtoto ana haki ya kuamua kwa sababu tu amefika umri fulani au kwa sababu anataka. Ilisema uhuru wake unakua kadiri uelewa wake unavyokua. Na kijana wa chini ya miaka 18 akikataa tiba ya kuokoa uhai, mahakama bado inaweza kuingilia. Yaani kukataa kwake kuna uzito, ila si uzito wa mtu mzima.

Tukilileta nyumbani, tunaona kwamba baba wa mpira na mama wa chai walikuwa wanazungumzia vitu viwili tofauti. Kuna uwezo wa kusoma na kuna upendo wa kusoma. Uwezo, kwa maoni yetu, mzazi ana haki ya kuudai, na ana wajibu pia. Mtoto wa miaka 12 ambaye akifungua ukurasa maneno yanamshinda hajachagua kutosoma. Huwezi kukataa kwa hiari kitu usichokiweza. Kumwacha hivyo kwa jina la uhuru ni kumwacha bila uhuru wenyewe, sawa na kumwacha asijue kuogelea halafu tukasema amependa kukaa nchi kavu. Hapo dai, kagua, nenda shuleni, kaa naye kila siku dakika 20 hata akinuna. Lakini upendo hauna mwenye haki ya kuudai. Huwezi kumwamuru mtu afurahie. Ukijaribu, unapata mtoto anayegeuza kurasa.

Tulizungumzie la uwezo kwanza, kwa kuwa linahusu afya na hatulitendei haki. Mtoto akiacha kusoma ghafla, au akiwa kila siku anasema kichwa kinauma akisoma, kabla ya kumwita mvivu mpeleke apimwe macho. Hapa Uingereza kipimo cha macho ni bure chini ya NHS kwa kila aliye chini ya miaka 16, na kwa wa miaka 16 hadi 18 ambao bado wako shuleni kwa muda wote. Maduka ya miwani karibu yote ya mtaani yanafanya. Kisha kuna disleksia. Hili neno linawatisha baadhi yetu, na tumewahi kusikia likielezwa kama laana ya ukoo. Si laana, wala si ujinga. Ni namna ambayo ubongo unapata taabu kuunganisha herufi na sauti, na mtu mwenye akili kali sana anaweza kuwa nayo. Kila shule ina mwalimu anayesimamia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Omba kuonana naye. Andika barua pepe, usingoje siku ya wazazi. Kama Kiingereza chako cha maandishi kinakutia wasiwasi, njoo kwa mmoja wetu tuiandike pamoja. Tunaandika ripoti za wagonjwa kila siku, barua moja haitatushinda.

Kwa nini tunasema hili ni jambo zito, wakati nchi ina kazi nyingi zisizohitaji riwaya? Njooni wodini mwone. Mtu anapewa karatasi za idhini ya upasuaji, kurasa kadhaa. Mwingine anazisoma polepole, anarudi nyuma, anauliza swali moja ambalo hata daktari hakulitegemea. Mwingine anatafuta mahali pa kusaini. Wote wawili wanajua herufi. Tofauti ni kwamba mmoja amezoea kukaa na maandishi marefu bila kuyaogopa. Na nyumbani kwetu nani anazisoma barua? Barua za Home Office, za halmashauri, za hospitali? Mara nyingi ni yule binti wa miaka 13. Hospitalini tunaelekezwa tusiwatumie watoto kuwa wakalimani, na ni sawa kabisa, mtoto hapaswi kumwambia mama yake habari za uvimbe. Lakini mezani jikoni hakuna wa kutuzuia. Tumewakabidhi watoto wetu maandishi ya maisha yetu yote halafu tunashangaa kwamba kwao karatasi ni mzigo.

Kuna sababu nyingine, na hii haipimwi na mtihani. Kijana wa sekondari anaishi katikati ya kelele za watu wanaomwambia yeye ni nani. Shuleni anaambiwa yeye ni Mwafrika, akienda Tanzania likizo anaambiwa yeye ni Mzungu, kwenye simu anaambiwa mambo ambayo hatuyajui. Riwaya ni mahali pachache ambapo anaweza kukaa saa tatu ndani ya moyo wa mtu mwingine bila mtu huyo kumtazama na kumhukumu. Wakati mwingine anajikuta humo.

Hapo sasa tunafika kwenye hofu ambayo haisemwi kwenye meza ya chai. Dada mmoja aliisema kwa sauti ya chini tukiwa tunafunga ukumbi: "Akisoma sana Kiingereza ataniacha." Tusimcheke. Ni kweli kwamba kitabu kinamchukua mtoto mahali. Anarudi na maneno ambayo mama hana, na maswali ambayo bibi hakuwahi kuyauliza. Mzazi anayemhimiza mtoto kusoma anamhimiza asimame mahali ambapo mzazi huenda asifike. Kwa hiyo tunapomwona mzazi anayesita, tusiseme moja kwa moja kwamba hajali elimu. Pengine ameona mbali kuliko sisi.

Lakini mlango huo una njia ya kuingilia watu wawili, na hapa tunataka kukaa kidogo kwa sababu wengi hawaijui. Baadhi ya vitabu ambavyo watoto wetu wanapewa kwa ajili ya GCSE viko kwa Kiswahili, tena vilifasiriwa zamani na watu wetu wenyewe. Macbeth, mchezo unaosomwa katika shule nyingi za hapa, S. S. Mushi aliufasiri ukachapishwa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, na mwaka uliofuata akatoa Tufani, ambao ndio The Tempest. Mwalimu Nyerere alifasiri Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais, halafu Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Animal Farm tunayo kwa jina la Shamba la Wanyama, kazi ya Fortunatus Kawegere. Things Fall Apart ya Chinua Achebe ni Shujaa Okonkwo. Michezo yote minne ya Shakespeare tuliyoitaja imo katika orodha ambazo shule za hapa huchagulia kitabu cha mtihani, na Animal Farm imo pia.

Fikirini maana yake. Mama ambaye Shakespeare kwa Kiingereza angemtoa jasho anaweza kuwa amemaliza Makbeth kabla ya mtoto kufika nusu. Anaweza kumuuliza mtoto: huyu mke wa Makbeth, unamwonaje? Kwetu angeitwaje? Mtoto atamwambia jinsi mwalimu alivyosema, mama atamwambia jinsi mambo ya mwanamke wa namna hiyo yalivyoishia kijijini kwao. Huo mtihani wa GCSE wa fasihi hufanywa bila kitabu mkononi, mtoto lazima awe na mchezo kichwani. Aliyebishana na mama yake kuhusu mchezo hawezi kuusahau. Na hata kama mtihani usingekuwepo, jioni hiyo moja ingekuwa na faida yake.

Kwa vijana wakubwa kuna Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaja Uingereza kijana mwishoni mwa miaka ya sitini, na miaka yake ya mwanzo hapa alifanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa na kusukuma vitanda hospitalini, kule Canterbury. Wangapi kati yetu tumepita mlango huohuo! Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994 imefasiriwa na Ida Hadjivayanis, inaitwa Peponi, na imechapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kijana asome ya Kiingereza, mzazi asome ya Kiswahili, kwenye kochi moja. Mtoto atagundua kwamba kuna sehemu ambazo mzazi anazielewa kuliko yeye, kwa sababu maisha yale ya dukani, ya deni la baba, ya safari ya kwenda bara, hayaelezwi na kamusi.

Vingi kati ya vitabu hivi vya zamani havipatikani kirahisi. Anayekwenda nyumbani Desemba apite kwenye maduka ya vitabu ya Dar es Salaam au Nairobi, aulize na wauza vitabu vya mitumba barabarani. Badala ya kilo mbili za dagaa, alete kilo moja na vitabu vitatu. (Dagaa tunawapenda, msitusikie vibaya.)

Wengine wameuliza kuhusu yaliyomo. Mtoto anasoma habari za wachawi, za mapenzi, katuni za Kijapani ambazo zinaanzia nyuma. Tufanyeje? Tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, na ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu ilionekana chafu. Baadaye kitabu hichohicho kikawa cha kufundishiwa. Aliyekisoma anajua kwamba kinamhusu binti aliyelelewa na baba mkali asiyezungumza naye, ambaye alidhani kumfungia ni kumlinda. Waliokizuia waliwazuia wazazi wasome habari zao. Hatusemi kila kitabu kinafaa kila umri. Mtoto wa miaka 11 si wa 17, na yapo maandishi machafu kweli, hasa kwenye simu. Tunasema mzazi asikataze kitabu ambacho hajakifungua. Soma kurasa 30, kisha zungumza. Ukiona bado hakifai, utakuwa na la kusema zaidi ya "hapana."

Kuhusu kulipa: pauni mbili kwa kila kitabu, kijana ataleta vitabu vyembamba kuliko vyote maktabani, tena atajifunza kwamba kusoma ni kibarua ambacho hakuna anayekifanya bure. Zawadi ya kitabu siku ya kuzaliwa ni jambo jingine. Kuhusu simu: ikiwa simu ni tuzo na kitabu ndicho kifungo, mtoto ameshaelewa kipi kizuri. Ni afadhali simu zote za nyumba, pamoja na ya baba, zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku kwa sababu ya usingizi, bila kukitaja kitabu. Kitakachojaza ule ukimya hatuwezi kukiamuru.

Tunachoweza ni kuwa pale. Mnakumbuka Filipo na yule Mwethiopia, katika Matendo ya Mitume sura ya 8. Yule mtu alikuwa anasoma tayari, hakuhitaji kuhimizwa. Alichokosa ni mtu wa kupanda garini na kuketi naye. Filipo alikimbia kwanza kulifikia lile gari, hakusimama kando ya barabara akimpigia kelele asome kwa bidii. Watoto wetu wengi wako garini peke yao.

Tunajua jibu la wengi: nitaketi naye saa ngapi? Zamu inaanza saa moja asubuhi, inaisha saa moja na nusu usiku, na bado kuna basi mbili. Hatutamwambia mtu aache kazi inayolipa kodi ya nyumba. Ila kuna dada wa usharika huu anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mtoto wake humsomea kurasa mbili kwa sauti, anazirekodi na kumtumia kwa WhatsApp. Yeye husikiliza wakati wa mapumziko saa nane usiku, halafu humjibu kwa sauti: huyo mzee mbaya, mimi simwamini. Kijana asubuhi kabla ya shule anataka kujua mama amesema nini. Na sisi wauguzi ambao kila miaka mitatu tunatakiwa kuhuisha usajili wetu, saa 35 za kujifunza na maandishi matano ya kutafakari kazi yetu, tusiyafanye haya kwa kujificha chumbani. Tuyafanye mezani, mtoto akiona. Aone mtu mzima anasoma sentensi mara tatu kwa sababu hajaielewa.

Hapa Birmingham maktaba kubwa ya jiji ilifunguliwa Septemba 2013 na Malala Yousafzai, binti wa miaka 16 aliyepigwa risasi Pakistan mwaka mmoja kabla kwa kudai wasichana wasome, na ambaye alitibiwa katika hospitali ya jiji hilihili. Tungependa kila kijana wetu aijue habari hiyo. Tusingependa igeuzwe fimbo: "mwenzio alipigwa risasi, wewe hata kitabu!" Kijana hapendi kitu kwa sababu mwingine alikiteseka. Mpeleke tu, mpande hadi bustani ya juu, mkae. Mwaka 2015 saa za maktaba hiyo zilipunguzwa kutoka 73 hadi 40 kwa wiki, na tangu halmashauri ilipotangaza mwaka 2023 kwamba fedha haziwatoshi, hata maktaba ndogo za mitaani zimekuwa na wasiwasi. Sheria ya mwaka 1964 inazitaka halmashauri zitoe huduma ya maktaba, lakini inayotumiwa na watu wachache ndiyo rahisi kupunguzwa. Kadi ni bure. Familia ya watu watano ni kadi tano.

Limebaki moja ambalo hatujalimaliza. Yupo kijana wetu wa miaka 17, anasomea ufundi wa magari, mikono yake ina akili kuliko vichwa vya wengi wetu. Uwezo wa kusoma anao. Hasomi, hataki, na amesema hivyo kwa adabu. Je, amepungukiwa? Bibi zetu wengi hawakujua herufi moja na walikuwa watu kamili, wenye hekima ambayo bado tunaila. Hatuwezi kumwambia kijana huyu kwamba asiyesoma vitabu ni nusu mtu, maana tungekuwa tunawatukana mama waliotuzaa. Mmoja wetu anasema aachwe, atakuja mwenyewe. Mwingine anasema tusimwache, turudi kila mara kama tunavyorudi kwa mgonjwa aliyekataa dawa, bila kumsukuma. Wiki iliyopita mtu alimwachia gazeti la magari ya zamani kwenye kiti chake, bila neno. Hatujui kama amelifungua.

Kuanzia Jumamosi ijayo chumba kidogo nyuma ya ukumbi kitakuwa wazi saa nne hadi saa sita mchana. Dakika 45 za kwanza ni kimya, kila mtu na kitabu chake, vijana na wazee, lugha yoyote; simu zote kwenye kapu mlangoni, hata za wazee wa kanisa. Baadaye chai. Mezani kuna Peponi moja, Shamba la Wanyama mbili, na Makbeth iliyochanika jalada ambayo tunaomba irudishwe. Mwenye vitabu vya Kiswahili vilivyolala ndani ya masanduku, avilete. Wazazi wa zamu, leteni watoto. Wapo shangazi na wajomba wa kutosha watakaoketi nao mpaka mtoke kazini.